Jinsi ya Kulitumia Neno "Jenuini" Ukiwa Soko la Tulia

Kabla hujafungua mdomo, tii jina la mahali: tulia. Hapa Kitui utaonyeshwa asali ndani ya chupa iliyowahi kubeba soda, na muuzaji atakuapia, "Hii ni jenuini kabisa." Usikubali, usikatae. Muulize: jenuini nini?

Swali hilo ndilo linaloliendesha neno lenyewe. Kiingereza kililitoa kwenye Kilatini, ambako lilihusu kitu cha kuzaliwa nacho. Kwa hiyo halimaanishi kizuri, wala ghali, wala kipya. Kiatu cha mtumba kilichoachia soli chaweza kuwa jenuini, na kipya kinachong'aa, chenye jina la kampuni lililokosewa herufi moja, hakitakuwa jenuini hata ukikipiga rangi kila Jumapili. Shira ya sukari nayo ni jenuini mradi iitwe shira. Ikiitwa asali, hapo umeibiwa.

Usilichanganye na "orijino". Nakala ya cheti chako cha kuzaliwa si orijino, lakini yaliyomo ni ya kweli. Cheti bandia kilichochapwa kwenye chumba cha nyuma kule River Road, Nairobi, kina karatasi ngumu na muhuri uliokolea wino, na hakuna kingine kama hicho duniani. Orijino kabisa! Lakini si jenuini hata chembe.

Sasa turudi kwenye chupa. Atatokea mjuzi mwenye kiberiti. Atachovya njiti kwenye asali, aiwashe, na ikiwaka atashangilia kana kwamba amewahoji nyuki mmoja mmoja. Mwache amalize, kisha umweleze kwamba njiti ile imepima unyevu tu. Shira nzito yaweza kufaulu mtihani huo, na asali ya nyuki iliyovunwa mbichi ikafeli. Atakayeidondosha ndani ya glasi ya maji ajue kuwa shira nzito nayo huzama. Na anayesema sisimizi hawali asali halisi hajawahi kuiacha wazi mezani usiku.

Ila imani inayoniuma zaidi ni hii ya kuganda. Mteja anaona chembechembe chini ya chupa, anatangaza "umetia sukari," anaenda zake. Asali nyingi halisi huganda: glukosi iliyomo hujikusanya na kuwa punje, haraka au polepole kulingana na maua ambayo nyuki walitembelea na baridi ya mahali ilipohifadhiwa. Nimeona mama akirudi nyumbani na mzigo uleule aliokuja nao, huku jirani yake mwenye chupa laini zinazomeremeta akimaliza kuuza kabla ya saa sita. Neno "jenuini" lilitumika mara nyingi asubuhi ile, na halikumsaidia aliyestahili.

Kipimo cha uhakika kipo, ila hakiingii mfukoni. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka asali kwa kawaida isizidi asilimia 20 ya maji, na sukari ya aina ya sukrosi isizidi asilimia 5 kwa asali nyingi. Maabara pia huweza kusoma kaboni: miwa na mahindi hushika kaboni ya hewani kwa njia tofauti na miti mingi inayochanua, na alama hiyo hubaki ndani ya sukari yake. Ukitia shira ya miwa ya kutosha, kaboni itakusema.

Wewe huna maabara, una mdomo. Utumie kwa heshima, ukianza na neno la Kikamba la mama: "Mwaitu, hii ilivunwa baada ya mti gani kuchanua? Ilitoka kwenye mzinga wa gogo au wa sanduku? Nani alipanda kuivuna?" Anayeijua asali yake atakueleza habari za migunga, moshi, nyuki wakali na mvua iliyochelewa, na huenda ukachelewa gari. Asiyeijua atarudia tu, "Ni jenuini," kwa sauti ya juu zaidi.

Hapo ndipo neno lako linapofaa. Kiswahili kimekuwa nalo tangu zamani, kutoka Kiarabu: halisi, yaani kisichochanganywa. Mwambie huyo wa migunga, "Hii ni halisi," uliseme kwa sauti ili wateja wengine wasikie, na ulipe bei aliyoitaja.

Chukua ile iliyoganda. Ukifika nyumbani, isimamishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe, uiache ilegee polepole.