Muulize Mjomba Bisibisi: Ukuta Usio na Mifupa

Mjomba Bisibisi, nimepanga hapa Kisii mjini. Jikoni nilitundikiwa kabati, nikalijaza sahani, bakuli na kinyago cha kifaru, vyote vya mawe ya sabuni kutoka machimbo ya Tabaka. Saa nane usiku likashuka pamoja na kipande cha ukuta. Fundi anasema nimerogwa. Ni kweli?
*Mla Sakafuni, Kisii*

Mpwa wangu, mrogi hana hatia. Ukuta wako ni jipsam, yaani jasi iliyovikwa karatasi, unene wake milimita 12 hivi. Lita moja ya maji ina kilo moja; jiwe la Tabaka la ukubwa huohuo linakaribia kilo tatu. Umeipa karatasi kazi ya kubeba machimbo!

Gonga ukuta kwa kidole. Ukilia "po po", ni utupu. Ukilia "ti ti", umefika kwenye mfupa, ile nguzo ya bati au mbao iliyojificha nyuma. Sumaku nayo hunasa kwenye vichwa vya skurubu. Aghalabu mifupa hiyo huachana sentimita 40 au 60. Sasa kata ukanda wa jipsam pale mgongo wa kabati utakapokaa. Laza ndani mbao ya mbili kwa nne kutoka nguzo hadi nguzo, ifunge skurubu kila upande, rudisha jipsam na uzibe. Skurubu za kabati zing'ate mbao hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini jipsam hawakuijua: huu unautoboa kwanza ndipo uupe nguvu. Mwambie mwenye nyumba kabla hajasikia msumeno.

Mjomba, mimi na jirani tunagawana ukuta wa jipsam. Nikipiga skurubu kwangu, vijiko vyake vinaanguka. Naye ametundika kabati mgongoni mwa langu. Ukuta huu ni wa nani?
*Wa Mpakani, Keroka*

Binti yangu, unaniuliza habari za mpaka ukiwa Keroka? Mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zinauvutania hadi leo, mimi nani niamue ukuta? Ninachojua ni kwamba ngozi ni mbili, mifupa ni ileile. Vijiguzo vya bati jembamba vinabeba jikoni mbili. Sogezeni makabati yasipeane mgongo, mchange pesa za mbao ya kutia katikati, na mpime skurubu kabla ya kuzifunga. Isije ncha yako ikachungulia kwenye sufuria yake.

Mjomba, nyumba yetu ni ya udongo, ila tumeipiga plasta ya saruji hadi wageni wanadhani ni matofali. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na mke wangu anataka kabati la ukutani. Msumari wa inchi sita utatosha?
*Mkwe Mwenye Jasho, Nyamira*

Mwanangu, plasta ni poda ya usoni. Nyuma yake kuna udongo na fito, na msumari uliokosa mti umeshika udongo tu, hata uwe wa inchi kumi. Inua macho uone mahali vichwa vya nguzo vinapokutana na paa. Shusha uzi wenye kijiwe, utakuonyesha nguzo ilipopita. Piga ubao kutoka nguzo moja hadi ya pili, kabati likae juu ya ubao huo. Ukikuta nguzo imeliwa na mchwa, acha ubishi: litie kabati miguu lisimame sakafuni, ukuta uwe wa kulizuia lisipinduke tu.

Halafu Ijumaa jioni, kabla hujapanga kikombe hata kimoja, ling'ang'anie kwa mikono miwili na uinue miguu. Mama mkwe kwa Abagusii hupishwa kwa heshima, hata kumtazama usoni ni shida. Basi heri kabati likuangukie wewe Ijumaa kuliko limwangukie yeye Jumamosi, obokima, yaani ugali, ikiwa mezani.