Fukusi Hawali Gunia

Sisi watu wa Kebirigo ni wakali sana mbele ya mizani. Peleka majani chai yako kituoni, karani aseme kilo 18 na mgongo wako umeshakwambia ni 20, uone moto. Hata mzee mwenye mtoto wa jicho huziona namba. Na bonasi ikipungua senti 50, kijiji kizima hakilali.

Lakini tupeleke sisi haohao kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Tunageuka kwaya! Mwenyekiti wa bodi akikohoa tu, tunampigia makofi.

Mimi muhula huu nilijiandaa. Kwenye kiganja niliandika kwa kalamu: 22,244. Hizo ndizo shilingi ambazo serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Chini yake nikaandika 21, siku ambazo sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma kumjibu raia anayetaka habari. Nilikusudia kusimama na kuunguruma.

Wenye shule wana akili, bwana. Maswali yaliwekwa mwisho, baada ya "mengineyo", na kabla ya mengineyo yakaja mapochopocho: wali, nyama na soda baridi. Mimi nilikuwa na mwezi mzima nikila mboga ya chinsaga tu. Nilipomaliza kulamba vidole, 22,244 ilikuwa imekwenda na mchuzi.

Ndipo akasimama omong'ina mmoja, yaani mama mzee, kitenge kiunoni, mjukuu wake anasoma hapo. Sahani yake hakuigusa.

"Mwanangu mwalimu, umesema maharagwe ya watoto yameisha, tulete mengine?"

"Ndiyo, mama. Fukusi waliyaharibu."

"Watoto wako wangapi?"

"Mia nne na hamsini."

"Kila mmoja alileta gorogoro mbili. Hizo ni 900. Gunia la kilo 90 hujaa kwa gorogoro 45. Kwa hiyo yalikuwa magunia ishirini. Mimi sikusoma, nirekebishe."

Hakurekebishwa. Kuku alisikika akiparura nyuma ya jukwaa.

"Sasa fukusi wamekula maharagwe, sawa. Gunia fukusi hawali. Tuonyeshe magunia ishirini matupu, tukalete mengine."

Mwalimu mkuu aliangalia bodi, bodi ikaangalia soda. Mwenyekiti, mtu wa haraka, akasema suala ni zito, linahitaji kamati. Akaanza kunyoosha kidole: watu watatu, wakague stoo Jumatatu. Kidole kikaniangukia na mimi. Nilitaka kukataa, kwani Jumatatu ni siku yangu ya kuchuma, lakini mdomoni nilikuwa na fupa la pili, na Kebirigo aliyenyamaza amekubali.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulifika stoo, wanakamati watatu na omong'ina, ambaye hakuna aliyemteua wala aliyethubutu kumrudisha. Kufuli lilikuwa kubwa kuliko mlango. Tukaambiwa ufunguo yuko nao bwana stoo, naye ameenda matanga, tena mbali, na kurudi haijulikani.

Sisi wanakamati tukaangaliana kwa furaha. Majani yalikuwa yanatungoja shambani.

Omong'ina akatandika leso kizingitini, akaketi. Akatoa kikapuni chupa ya chai, viazi vitamu vinne na kikombe kimoja.

"Nendeni tu mkachume," akasema. "Matanga huisha."

Nikamwomba kiazi.