Shemeji na Sekunde Zake 13

Agosti ikiingia, Marekani nzima inageuka nchi ya wapanga orodha. Timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ni 32, kila moja ina kwotabeki wake, mechi ya maana haijachezwa hata moja, lakini watu wameshajua nani wa kwanza na nani wa kupigwa benchi. Mimi naishi Buffalo. Shemeji yangu, mume wa dada, yuko Kansas City. Ukilielewa hilo umeuelewa ugomvi wote. Mwaka 2025 tuligawana kazi: mimi niliandika, yeye akanijibu kwa jumbe za sauti ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi.

Kwa asiyeufahamu mchezo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira, anausoma uwanja na kurusha pasi, yote hayo ndani ya sekunde mbili tatu kabla hajaangukiwa na jitu la kilo 130. Timu ikishinda anaimbwa yeye. Ikifungwa anatukanwa yeye, hata kama aliyeangusha mpira ni mwingine.

Haya, tuanzie chini.

7. Justin Herbert, Los Angeles Chargers

Mkono wa manati, sura ya tangazo la dawa ya meno. Msimu wa kawaida wa 2024 wote, pasi zake 3 tu zilidakwa na wapinzani. Januari akaenda Houston kwenye mtoano, zikadakwa 4 kwenye mechi moja.

Shemeji: "Huyo ndiye yule anayeongoza majaribio yote darasani, mtihani wa taifa ukifika anaumwa tumbo."

6. Baker Mayfield, Tampa Bay Buccaneers

Mwaka 2018, timu zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa kwanza kabisa. Cleveland wakamchoka, Carolina wakamwacha. Desemba 2022 Los Angeles Rams wakamchukua Jumanne, Alhamisi akaingia uwanjani na vitabu vya mbinu hajavimaliza, akaisukuma timu yadi 98 dakika za mwisho na kuwatungua Raiders 17-16. Msimu wa 2024 kapiga pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga. Shemeji hana neno hapa. Tupite haraka kabla hajalipata.

5. Jalen Hurts, Philadelphia Eagles

Shemeji anamtaka namba 20, na sababu naijua: Februari 2025 Hurts aliwafunga Kansas City 40-22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

"Shem, yule anasukumwa makalio na wenzake mpaka avuke mstari! Huo ni ukwotabeki au ni kusukuma daladala iliyozimika?"

Kusukumwa ni kweli. Mei 2025 wenye timu walipiga kura kuupiga marufuku msukumo huo. Zilitakiwa kura 24, zikapatikana 22. Sasa mimi nauliza: kama ni rahisi hivyo, mbona wengine wakijaribu daladala haiwaki? Na mtu aliyewahi kutolewa wakati wa mapumziko kwenye fainali ya vyuo, Januari 2018, nchi nzima ikitazama, asinune wala asigombane na kocha, huyo mimi simpi namba 20.

4. Joe Burrow, Cincinnati Bengals

Mwaka 2024 aliongoza ligi kwa yadi za pasi, 4,918, na kwa pasi za tachidauni, 43. Timu yake haikufika hata mtoano. Walinzi wa Cincinnati walikuwa chandarua kilichotoboka: Burrow anajaza ndoo, wao wanamwaga.

3. Patrick Mahomes, Kansas City Chiefs

Hapa simu ilinyamaza. Nikaona "anarekodi", ikazima, ikarudi. Ujumbe wa dakika sita, na nyuma yake namsikia dada akimwambia apunguze sauti, watoto wamelala.

Hoja yake fupi: Super Bowl tatu. Hoja yangu fupi: nimeulizwa nani bora Septemba 2025, sikuulizwa nani ana kabati kubwa. Msimu wa 2024 Kansas City walishinda mechi 15 kati ya 17, nyingi kwa unywele, na Mahomes akaishia kwenye pasi 26 za tachidauni. Kwenye fainali walikwenda mapumziko wako nyuma 24-0.

"Namba tatu," shemeji akarudia. "Nitamwambia dada yako."

2. Lamar Jackson, Baltimore Ravens

Msimu wa 2024: tachidauni za pasi 41, pasi zilizodakwa 4. Hakuna aliyewahi kabla yake kurusha yadi 4,000 na kukimbia 900 msimu mmoja. Na kuna wajuzi waliomshauri mwaka 2018 aache ukwotabeki, akawe mpokea pasi!

Tatizo lake linaitwa Januari: ushindi 3, vipigo 5 kwenye mtoano. Cha mwisho kilikuwa hapa kwetu, 27-25, kwenye baridi ya kugandisha kope. Pasi ya kusawazisha ilimfikia mwenzake Mark Andrews mikononi, ikateleza. Jirani yangu alipiga kelele hadi mbwa wake akajificha chini ya gari.

1. Josh Allen, Buffalo Bills

Mtoto wa shamba kutoka Firebaugh, California, mchezaji bora wa ligi 2024. Akiamua kukimbia ni fahali aliyekata kamba.

Safari hii shemeji hakusema kitu. Alituma picha ya saa tu: 0:13.

Tarehe 23 Januari 2022, Kansas City. Allen anarusha pasi ya tachidauni, Buffalo tunaongoza 36-33, zimebaki sekunde 13. Mimi nimeshasimama kuchukua koti nikasherehekee nje. Mahomes akapiga pasi mbili, yadi 44, mpiga teke wao Butker akapiga teke la yadi 49, sare. Muda wa nyongeza sarafu ikawaangukia wao, wakafunga, mechi ikaisha 42-36 bila Allen kuugusa mpira. Mwaka huohuo ligi ikabadilisha kanuni ya muda wa nyongeza kwenye mtoano. Dawa imeletwa, na sisi tumeshazika.

Kwenye mtoano Mahomes anamwongoza Allen 4-0. Msimu wa kawaida, kuanzia 2021 hadi 2024, mechi zote nne ni zetu.

"Nyie hodari wa vikao vya harusi," akasema shemeji. "Kuoa tunaoa sisi."

Na hajui kama lile linaloniuma zaidi sijalitaja. Nafasi ya 10 iliyotumika kumchagua Mahomes mwaka 2017 ilikuwa ya Buffalo. Tuliwauzia wao.

Tarehe 2 Novemba 2025 Kansas City walikuwa wanakuja kucheza huku. Tukawekeana mbuzi mzima, na bei nikaulizia buchani. Ujumbe wa mwisho usiku ule haukuwa wa shemeji, ulikuwa wa dada: "Mbuzi atakayelipa mtajuana wenyewe. Nataka kujua nani atamchuna, maana safari hii si mimi."