Fundi na Dawa Moja

Kijana wa Nyeri ameichokonoa explorer.exe, faili inayoonyesha kitufe cha Start na eneo-kazi la Windows XP, ili kitufe hicho kisomeke jina lake. Kompyuta inawaka: skrini tupu, kitufe hakipo, jina halipo.

Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, fundi ana swali moja tu. "Bosi, picha za harusi unazihitaji?" Yaani anafomati.

Julai 19, 2024, faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 hivi duniani; nyingi zilipona kwa kuifuta faili hiyo. Hakuna aliyeulizwa habari za harusi.

XP nayo huficha nakala za faili zake katika folda ya dllcache, na amri ya sfc /scannow huzirudisha. Bure, tena! Ila mara nyingine hudai CD halali ya Windows, na hapo fundi na mteja hutazamana.