Jinsi ya Kupata Duka la Bangi Illinois, na Likabaki Lako

Hatua ya kwanza umeshafanyiwa zamani: ulikamatwa na msokoto mfukoni, au umeishi miaka mitano kati ya kumi iliyopita katika mtaa ambao polisi hawabanduki. Sheria ya Illinois ya 2019 inakuita mwombaji wa usawa wa kijamii. Basi zitoe zile karatasi za mahakama ulizokuwa ukizificha mwajiri asizione. Katika duru ya kwanza ya leseni, hadhi hiyo ilikuwa na alama 50 kati ya 250.

Tafuta ada. Katika duru ile ilikuwa dola 2,500, nusu ya waliyolipa wengine, na hazirudi. Kisha jifunze kusubiri. Maombi yalifungwa Januari 2020. Septemba ikatangazwa kwamba waombaji 21 tu ndio waliofaulu kuingia katika bahati nasibu ya leseni 75. Watu wakapiga kelele, kesi zikafunguliwa, bahati nasibu nyingine zikaongezwa. Duka la kwanza la kundi hilo lilifungua milango Novemba 2022. Wenye mitaji walikuwa wakiuza tangu siku ya kwanza ya 2020.

Mkwepe tajiri anayekuja na ajira badala ya hisa. Sheria iliruhusu kampuni yenye wafanyakazi kumi au zaidi ihesabiwe ya usawa, mradi asilimia 51 yao watoke katika watu kama wewe. Yaani wewe ufagie, yeye amiliki.

Atakuja na mwingine, huyu na mkataba, maana anajua benki nyingi zinaogopa kukukopesha: sheria ya shirikisho bado inaikataza biashara yako. Ukurasa wa kwanza utasoma jina lako na asilimia 51, utafurahi. Usisaini. Fungua kurasa za nyuma, tafuta nani anatia saini hundi, nani anamwajiri meneja, na kama mwenzako anaweza kununua hisa zako kwa bei aliyoipanga yeye. Ukivikuta vifungu hivyo, duka ni lake; lako ni jina.

Na wewe ndugu yangu uliyetoka Kongo, bado una kadi ya kijani: tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imesema wazi kwamba kazi ya bangi, hata yenye leseni ya jimbo, inaweza kukunyima uraia. Usichukue hata zamu moja kabla hujaonana na wakili wa uhamiaji.