Aliyelala Usimwamshe

Mke wangu ana swali moja la usiku: "Baba Zuwena, umelala?" Nami nina jibu moja tangu aolewe na umaskini wangu: "Nimelala." Hajawahi kuuliza mtu aliyelala anajibuje.

Kumbe uongo huu unaambukiza. Mwezi uliopita laptopu yangu nayo iliuokota.

Naifunika saa nne usiku, kitaa chake kinaanza kuwaka na kuzimika polepole, maana yake imelala. Ikifika saa nane kamili, feni inaanza: vuuuuu! Si mvumo wa kistaarabu, ni wa mashine ya kusaga iliyowashwa kabla mahindi hayajaletwa. Kichwani kwangu pangaboi limekufa tangu Januari. Mimi navuja jasho hadi shuka linanata, na upepo pekee humu ndani umeandaliwa kwa ajili ya kitu kilichojifunika na kulala!

Nikaamka. Gizani nikapiga kidole gumba cha mguu kwenye mbuzi ya kukunia nazi, tena upande wa meno. Nikafika mezani nikichechemea, nikafunua. Kimya. Feni ilikata palepale, kioo kikaniomba paswedi kwa upole, kama mtoto aliyefumwa anachezea simu chini ya shuka. Nikaifunika, nikarudi kitandani. Sijapata hata lepe la usingizi: vuuuuu!

Mchana haina nafuu. Siku moja niliifunika, nikaitia kwenye begi, nikapanda daladala. Tumekwama kwenye foleni, mama aliyebanwa nyuma yangu akaanza kunusanusa. "Kaka, begi lako linaungua." Konda akataka nishuke nalo. Nilipoitoa ilikuwa ya moto kama chapati iliyoepuliwa sasa hivi, na chaji niliyoijaza asubuhi imebaki asilimia kumi na moja. Imelala, lakini imekula chakula cha wote.

Mambo yakaharibika zaidi alipokuja mama mkwe kutoka Muheza. Tukamlaza chumba cha watoto, ukuta mmoja na meza yangu. Asubuhi ya kwanza akaweka kikombe cha chai chini, akanitazama. "Mkwe wangu, humu ndani kuna kitu kinavuma saa nane. Kila mtu anajua saa nane ni ya nani."

"Ni kompyuta, mama."

"Umeizima?"

"Imelala."

"Iliyolala inavuma?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule akaweka chetezo cha ubani chini ya meza. Saa nane feni ikawaka kama desturi, ikauvuta ule moshi wote, ikautema upande wa pili. Asubuhi nilipoingia ofisini na laptopu yangu, wenzangu walidhani natoka kwenye hitima.

Nikaenda Kariakoo kwa fundi. Akafungua skrubu kumi, akanusa, akaniangalia. "Mzee, hii imefukizwa?" Nikakohoa. Ndani kulikuwa na vumbi limeshikana kama sufi ya mto, limeziba vile vibati vyembamba vinavyotoa joto. Pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba ilikuwa imekauka, inamenyuka kama rangi ya ukuta wa choo. Joto likikosa njia, feni inalazimika kukimbia zaidi, na ndiyo kelele. Akapuliza kwa bloa, akapaka pesti mpya, akachukua elfu ishirini na tano.

Nikamuuliza: "Sasa ikilala, feni inazunguka ya nini?"

"Hilo la programu, mzee. Mimi ni wa bisibisi."

Usiku ule mvumo ulipungua kweli, ila saa haikubadilika. Hapo ndipo nikamwita kijana wa jirani anayesomea kompyuta chuoni. Akaamkia, akakaa, akafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, akaandika powercfg /a. Yakatokea maandishi. Akacheka.

"Anko, mashine yako haijui kulala."

Akanieleza. Tangu 1996 kuna kanuni zinazoitwa ACPI, na humo usingizi wa kompyuta umepewa namba. Ule tuliouzoea ni S3: prosesa inazimwa, feni inazimwa, inabaki kumbukumbu tu inayolambishwa umeme kidogo isisahau ulipoishia. Huo ndio usingizi wa pono. Lakini laptopu nyingi za siku hizi zimenyimwa S3. Zimepewa usingizi wa S0, ambao ni mang'amung'amu matupu: kioo kinazimwa, ndani watu wanaendelea na kazi. Inavuta barua pepe, inapakua masasisho, kama simu.

Nani aliomba laptopu iwe simu? Simu ninayo. Tena simu haina feni.

Akaandika powercfg /sleepstudy, ikatoka ripoti ya siku tatu, imejaa mistari myekundu kama daftari langu la hesabu la darasa la saba. Kisha akanipeleka kwenye mipangilio ya matengenezo ya kila siku. Nilisoma kwa macho yangu: muda uliowekwa kiwandani ni saa nane usiku, na ruhusa ya kuiamsha mashine imetiwa tiki. Mchawi wetu alikuwa na ratiba ya maandishi!

"Na unaifunika ikiwa kwenye chaja, anko?"

"Ndiyo."

"Hapo ndipo inajiona ina ruhusa zaidi. Umeme si wake."

Kweli si wake. LUKU nanunua mimi.

Dawa ikawa ya dakika tano. Aliondoa ile tiki. Akaniusia nichomoe chaja kwanza, ndipo nifunike. Mwisho akapanga kwamba nikiifunika isilale, bali iingie haibaneti: yote yaliyo kwenye kumbukumbu yanaandikwa kwenye diski, kisha umeme unakatwa kabisa. Kuamka inachelewa kidogo. Na ichelewe, mimi mwenyewe kuamka nachelewa.

Usiku ule saa nane ilipita kimya. Asubuhi mama mkwe akamimina chai, ametabasamu. "Mmeona? Ubani." Nikafikiria S3, S0, ACPI ya 1996 na elfu ishirini na tano za fundi. Nikasema, "Kweli, mama." Amerudi Muheza na ushindi wake.

Jana usiku nyumba ilitulia. Nimefumba macho, sitikisiki. Kichwani ada ya Zuwena inapiga hesabu na kodi ya nyumba, michango miwili ya harusi inabisha hodi, na fundi wa pangaboi ananitajia bei.

"Baba Zuwena, umelala?"

"Nimelala."

Akanyamaza kidogo, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. Nilikuwa wa moto.

"Mama ameacha ubani," akasema. "Nikuwekee?"