Tairi la Nyuma

Jumatatu. Kisiki kimechana tairi la nyuma la kulia tukiwa katikati ya shamba la mpunga, nje kidogo ya Ifakara. Maji tuliyojaza ndani ili trekta lipate uzito yamemwagika yote pale ambapo haro ilikuwa haijapita. Mama mwenye shamba ametazama mawingu, akaniuliza, "Mwanangu, mvua itatusubiri?" Nimekosa la kumjibu.

Jumanne. Fundi pancha ameingiza mkono kwenye mpasuko, ukazama mpaka kiwiko. Tyubu inazibika, anasema, ila ubavu umekwisha: nyuzi ziko nje, na kashata zimelika hadi tairi limekuwa kipara.

Jumatano. Dukani bei imepanda tena tangu mavuno. Simlaumu muuzaji. Tairi linatoka India au China, linalipiwa kwa dola, kisha kuna meli, ushuru na lori la kulifikisha huku. Mafuta ghafi yakipanda, linaumia mara mbili: mpira wa viwandani na masizi yanayolipa weusi wake vinatokana na mafuta hayo hayo, na vyombo vinavyolisafirisha navyo vinayanywa. Kwa bei tunayolimia, tairi moja ni zaidi ya ekari thelathini, dizeli haijanunuliwa na dereva hajalipwa. Nikipandisha bei ya ekari, wa kuumia ni yule mama.

Alhamisi. Nilikuwa naenda Mang'ula kuangalia tairi la mtumba, bodaboda ikapata pancha njiani. Tulipokuwa tunasubiri, nimeikumbuka miti ya mpira ya Kalunga, humu humu Kilombero, inavyochanjwa magome na utomvu mweupe kuchuruzika kwenye vikombe. Shamba ni la Shirika la Maendeleo la Taifa, nalo lina jingine Kihuhwi, Muheza. Arusha tulikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre. Uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Utomvu tunao, matrekta tunayo, wakulima ndio sisi, halafu tairi livuke bahari! Hili linaniuma kuliko bei yenyewe.

Ijumaa. Mtumba umefungwa. Kimo chake ni pungufu kuliko mwenzake, kwa hiyo trekta limeinama na haro inachimba zaidi kulia. Fundi amepunguza upepo wa kushoto. Imesaidia kidogo.

Jumamosi. Tumemaliza shamba la mama, mvua ikaanza tukiwa tunatoka. Mkulima wa kijiji cha pili amepiga simu kuulizia bei ya ekari. Nimemtajia ya mwaka jana. Ameomba nimpunguzie.